Mgeni Rasmi wa Filta

Ipo nchi moja, haiko mbali wala haiko karibu, ambayo jina lake nimelisahau kwa ajili ya usalama wangu. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, na akiona inafanana na mahali anapopajua, alaumu macho yake. Ni nchi nzuri. Ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko barabara zake, ina mawaziri wa kila kitu, hata wa vitu ambavyo bado havijanunuliwa, na ina lango moja la maji.

Lango hilo liko kwenye ukuta wa bwawa, juu ya mji mdogo unaoitwa Bondeni. Watu wa Bondeni hulima majimbi na mpunga, na hulala usingizi, kwa sababu mvua zikizidi lango hunyanyuliwa na maji huchepushwa kwenda mbugani, ambako hakai mtu. Lango ni zito, halinyanyuliwi kwa mikono. Pampu husukuma mafuta, mafuta husukuma vyuma, vyuma hunyanyua lango. Mafundi huuita mtambo wa haidroliki. Mafuta yenyewe hukaa kwenye tangi kubwa, na ndani ya tangi kuna filta ya kunasa uchafu. Filta ikiziba, pampu inakosa cha kusukuma, na lango linabaki pale pale, hata uliombee dua.

Sasa, waliolitengeneza tangi lile waliiweka filta chini kabisa, sakafuni. Ili ibadilishwe ilikuwa lazima mafuta yote yatolewe yajazwe kwenye mapipa, mfuniko ufunguliwe nati moja moja, kisha fundi atumbukie ndani mpaka kiunoni na kutoka mweusi tii. Kazi kubwa namna hiyo serikali haikuona busara kuwaachia mafundi peke yao. Ikaitungia sherehe.

Sikukuu ya Kubadili Kichujio huwa na turubai, kwaya, gwaride na ng'ombe wa kuchinja. Barabara ya Bondeni huchongwa asubuhi ya siku hiyo hiyo, na ndiyo maana wenyeji husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Fundi akishatumbukia tangini, mgeni rasmi huigusa filta mpya kwa glovu nyeupe, akina mama hupiga vigelegele, na watu wote hula pilau. Sheria ya nchi iko wazi kabisa: filta iliyobadilishwa bila mgeni rasmi inahesabiwa haijabadilishwa. Na mgeni rasmi ni mtu mwenye mambo mengi, huja anapopata nafasi. Filta haikuijua ratiba yake, ikawa inaziba inavyotaka.

*

Mhandisi wa lango alikuwa mwanamke aitwaye Siwazuri, mzaliwa wa Bondeni, mfupi, mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu vile vile. Mvua za mwaka uliotangulia lango lilinyanyuka nusu, likaguna, likagoma. Maji yakaingia Bondeni mpaka ndani ya nyumba ya mama yake. Mama huyo, Bi Mashavu, alikaa juu ya kitanda, jiko lake la mafuta ya taa mapajani, akimtukana mkuu wa mkoa kwa jina lake na kwa jina la baba yake, hadi maji yalipopungua. Watu wakacheka kisa hicho mwaka mzima. Siwazuri hakucheka. Kila akifumba macho alikuwa anaiona ile filta sakafuni, imejaa uchafu, inamsubiri mgeni rasmi apate nafasi.

Basi akakaa na penseli. Filta akaitoa sakafuni akaileta ubavuni mwa tangi, mahali mkono wa mtu unapofika. Akaitia ndani ya kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, na nyuma yake akaweka vali inayojifunga yenyewe filta ikitolewa, ili mafuta yabaki tangini. Akaiwekea mshikio kama wa birika, na juu yake kijicho cha kioo kinachogeuka chekundu filta ikianza kuziba. Mfano wa kwanza aliutengeneza kwa pipa kuukuu, akaubeba kwa mkokoteni mpaka uani kwa mama yake.

"Mama, hebu nibadilishie hii."

"Mimi? Mimi najua nini habari za mitambo?"

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Bi Mashavu alikuwa anamenya majimbi. Akajifuta mikono kwa kanga, akazungusha mfuniko, akashika mshikio, akavuta. Filta ikatoka, na hata tone la mafuta halikudondoka. Akatia nyingine, akafunga, akarudi kwenye majimbi yake kabla nzi hajatua.

"Kumbe rahisi hivi!" akasema. "Utambi wa jiko langu unanisumbua zaidi. Sasa hao wenye kwaya watakuja kuimba nini?"

Siwazuri akacheka mpaka akakaa chini. Laiti angejua, asingecheka, maana hilo ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyopata kuulizwa juu ya filta ile.

"Dada yako ananiita nikahamie kwake huko mlimani," mama akaendelea. "Nimemwambia, mimi nina mwanangu langoni. Nihame niende wapi?"

*

Bwawa lilikuwa chini ya Wizara ya Maji Yaliyotulia. Maji yanayotembea yana wizara yake nyingine, na wizara hizo mbili hazisalimiani. Waziri, ambaye ndiye mgeni rasmi wa kila sikukuu, alikuwa Mheshimiwa Fumbwe, mtu mpole, mnene, aliyependa sana maendeleo alimradi yasianze bila yeye. Mkono wake wa kulia alikuwa Bwana Pazi, Mkurugenzi wa Itifaki, ambaye hakuwahi kuliona tangi kwa macho lakini aliijua mistari ya viti vya wageni kama Alhamdu.

Siwazuri akauweka mfano wake mezani, akaeleza, akazungusha, akavuta, akatia. Wakubwa wakatazamana.

"Mhandisi," akasema Bwana Pazi, "kwa mpango wako huu, mgeni rasmi atatumia muda gani?"

"Muda wa kufungua chupa ya maji, Mkurugenzi."

"Na kwaya?"

"Kwaya gani?"

"Wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi una beti nyingi. Ubeti wa kwanza haujaisha, kichujio kimeshabadilika. Hao watu watakuwa wanaimba kitu kilichokwishapita? Na gwaride je? Na ng'ombe, tumrudishe zizini?"

"Mkurugenzi, nia yenyewe ni kwamba kwaya isihitajike. Wala mgeni rasmi. Mlinzi wa lango akiona kijicho chekundu, anabadilisha mwenyewe, anaendelea na chai yake."

Mtu mmoja akafunga dirisha, asije akasikia mwingine huko nje. Hapo Mheshimiwa Fumbwe akasimama, akavuta koti lake, akasema kwa sauti ya redio:

"Ndugu zangu, serikali yangu haiwezi kuogopa teknolojia. Kichujio hiki nimekipokea kwa mikono miwili. Ninachokisema, na wanaonukuu wanukuu, ni kwamba haraka haraka haina baraka. Tuupokee urahisi huu, lakini tuupokee kwa utaratibu, kwa hatua na kwa uzalendo, ili urahisi usije ukatuzidi nguvu."

Wakapiga makofi. Siwazuri naye akapiga, kwa kuwa hakuwa ameelewa kama amekubaliwa au amekataliwa, na pale kwao yote mawili hupigiwa makofi sawasawa.

*

Kumbe alikuwa amekubaliwa. Filta ikapelekwa kwenye maboresho.

Watu wa Usalama wakaitazama, wakasema kitu kinachomfungukia rafiki kirahisi kitamfungukia na adui kirahisi. Wakashauri ifunikwe kwa sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo akae nao mkuu wao. Bwana Pazi akaona si heshima mkuu wa Usalama awe na ufunguo na Waziri asiwe nao, ikaongezwa kufuli ya pili, ya mgeni rasmi. Kwaya ikalalamika kwamba imesahaulika ilhali imeitumikia filta tangu enzi za mababu. Ikapewa kufuli ya tatu, na ufunguo akakabidhiwa mwalimu wa kwaya, ili asije mtu akaibadili filta kabla wimbo haujaiva.

Kisha Wizara ya Habari ikaandika kuwa kijicho kinachogeuka chekundu kinawatia hofu wananchi, na kwamba si kazi ya mashine kutangaza mabaya. Kijicho kikapakwa rangi ya kijani, kwa ndani na kwa nje.

Siwazuri akaenda ofisini kwa Bwana Pazi. "Mkurugenzi, sasa nitajuaje kama imeziba?"

"Utatangaziwa."

"Basi na mimi nipeni ufunguo. Wowote."

"Mhandisi, wewe ufunguo wa nini? Wewe si unajua tayari inavyofunguka?"

Na lazima niseme kweli juu ya kufuli zile. Katika nchi ambayo madaraja yalijengwa kwa mchanga na maneno, kufuli zilinunuliwa kwa uangalifu mkubwa. Zilikuwa za chuma halisi, kila moja ina nembo ya taifa, na huenda ndivyo vitu pekee nchini humo vilivyotengenezwa vidumu.

Uzinduzi ulifana. Juu ya sanduku paliandikwa kwa dhahabu: KICHUJIO RAHISI, KILA MTU ANAWEZA. Mheshimiwa akafunga kufuli yake, mkuu wa Usalama akafunga yake, mwalimu wa kwaya akafunga yake huku akiwa bado kwenye kiitikio. Watu wa Bondeni wakala pilau, na wengine wakaomba ya kufungasha. Bi Mashavu akasogea hadi kwenye lile sanduku, akalizunguka, akaligonga kwa vidole.

"Siwazuri, filta yako iko wapi?"

"Iko ndani, mama."

"Na wa kuibadilisha yuko wapi?"

Siwazuri akaonyesha kwa kidevu. Magari ya serikali yalikuwa yanakata kona, yanatimua vumbi la barabara iliyochongwa asubuhi.

Mama akalitazama lile vumbi. "Basi," akasema, "maadamu wewe upo."

Siwazuri alitaka kumwambia ahamie mlimani. Maneno yalimfika kooni, akayameza, kwa sababu mbele ya mama yake alikuwa bado anaona fahari ya kuitwa mhandisi wa lango. Aliyajutia baadaye kuliko chochote alichowahi kukisema.

*

Mvua za mwaka ule zilianza kama mvua za mwaka wowote, kisha zikasahau kuacha. Bwawa likajaa mpaka kwenye alama ya hatari, ambayo nayo ilikuwa imepakwa kijani. Mchana mmoja Siwazuri akawasha pampu kunyanyua lango. Pampu ikapiga kelele kavu, ya mtu anayenyonya soda iliyokwisha. Lango likatikisika, likanyanyuka kimo cha shibiri, likakwama.

Hakuhitaji kutangaziwa. Filta ilikuwa imeziba.

Akampigia simu Bwana Pazi. "Mkurugenzi, nahitaji funguo, sasa hivi! Maji yanapanda!"

"Punguza sauti, Mhandisi. Wa Usalama upo, nitautuma. Wa kwaya upo pia, ingawa mwalimu anasema sauti ya tatu haijakaa vizuri. Tatizo ni wa Mheshimiwa."

"Mheshimiwa yuko wapi?"

"Yuko nje ya nchi, kwenye mkutano wa mataifa. Anawasilisha mada juu ya filta yako. Jana walimpigia makofi wamesimama! Ufunguo anao mfukoni, maana anauonyesha kwenye mada."

Siwazuri akakata simu, akachukua mtaimbo. Mlangoni mwa chumba cha mtambo alisimama mlinzi, Sudi, bunduki begani, maji ya mvua yakimtiririka usoni.

"Mhandisi, usivunje. Naomba tafadhali, usinitie matatani."

"Sudi, wanao wako wapi?"

Wanawe walikuwa Bondeni, nyumba ya nne kutoka kwa Bi Mashavu, na Siwazuri alijua hivyo.

"Najua wako wapi," akasema Sudi. "Lakini ile kufuli ina nembo. Nimeapa kwa ile nembo."

Wakatazamana hivyo, watu wawili wa mji mmoja, huku pampu ikilia. Kisha Sudi akaiegemeza bunduki ukutani, akavua kofia yenye nembo akaiweka chini kifudifudi, isione, akashika mtaimbo upande wa pili. Wakapiga kufuli ya kwaya ikaachia. Wakapiga ya Usalama, wakapiga tena, wakapiga mpaka viganja vikachubuka, ikaachia. Ya mgeni rasmi wakaipiga mpaka mtaimbo ukapinda. Nembo haikupata hata mkwaruzo. Ndani ya sanduku, kwenye upenyo mdogo, Siwazuri aliweza kuuona mshikio aliouchora mwenyewe, ule kama wa birika. Akapenyeza vidole. Ncha za vidole zikaugusa, lakini hazikuweza kuuzunguka.

Akampigia mama yake.

"Mama, toka. Acha kila kitu, panda mlimani kwa dada, sasa hivi."

"Mvua yote hii?" Bi Mashavu alikuwa anakaanga kitu, mafuta yalisikika yakichacharika. "Siwazuri, mbona unatweta? Umekula?"

"Mama, nakuomba. Lango limekwama."

"Si utalikwamua, mwanangu. Wewe si ndiye uliyetengeneza? Mimi mwenyewe niliibadilisha ile kitu kwa mkono mmoja. Usihangaike na mimi. Shughulika na kazi yako, mimi nipo."

Maji yakaanza kupita juu ya ukuta wa bwawa, kwanza kama pazia jembamba, hata la kupendeza. Sudi akatoka akakimbia kuteremka Bondeni, bila kofia na bila bunduki, akiita majina ya wanawe. Siwazuri akabaki na vidole vyake ndani ya sanduku.

*

Tume ikaundwa. Ikafanya kazi yake kwa weledi na chai. Ikagundua kwamba yaliyoingia Bondeni yalikuwa maji yanayotembea, kwa hiyo Wizara ya Maji Yaliyotulia haihusiki. Nayo wizara ya yale yanayotembea ikathibitisha kwamba yalipoanza safari yalikuwa yametulia. Kichujio chenyewe kilisifiwa. Hakikuwahi kuharibika, wala hakikuwahi kubadilishwa vibaya. Sudi alifungwa kwa kuvunja kufuli mbili za taifa. Hakutoa utetezi wowote, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kurudi kwake. Siwazuri akasamehewa kwa kuwa filta ilikuwa imeshalipatia taifa sifa nje, na haikufaa mbunifu wake awe gerezani.

Bi Mashavu hakuonekana. Jiko lake lilikutwa kwenye matawi ya mwembe, mbali sana, tambi zake zikiwa bado zimo. Siwazuri akalichukua akaenda nalo nyumbani, na kila siku alikuwa analifuta tope lisilokuwepo tena.

Mvua zilipokoma Mheshimiwa Fumbwe akarudi, na kwa vile sasa alikuwa na nafasi, Sikukuu ya Kubadili Kichujio ikafanyika. Turubai likafungwa. Barabara ya Bondeni ikachongwa vizuri kuliko siku zote, maana hapakuwa na nyumba za kuizuia. Palipokosekana watu wa kupiga vigelegele wakaletwa kwa malori kutoka wilaya nyingine. Siwazuri akakalishwa mstari wa mbele, katika kanga nyeusi, kwenye kiti kilichoandikwa MBUNIFU.

Kwaya ikaimba beti zote. Mkuu wa Usalama akafungua kufuli mpya, mwalimu wa kwaya akafungua mpya. Mheshimiwa akatoa ufunguo wake mfukoni, ule ule uliosafiri, akauinua watu wauone, akaifungua kufuli yake, ya zamani, isiyo na mkwaruzo. Akavaa glovu nyeupe. Akazungusha mfuniko, akashika mshikio, akavuta. Filta ikatoka nyeusi kama mkaa, na hata tone moja halikudondoka kwenye glovu.

Mheshimiwa akaitazama, akatabasamu kwa mshangao wa kweli kabisa. Kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Kumbe rahisi hivi!"

Watu wakacheka, wakashangilia. Mheshimiwa akanyoosha mkono apewe filta mpya. Bwana Pazi akamtazama msaidizi wake, msaidizi akamtazama mwalimu wa kwaya, mwalimu wa kwaya akatazama juu. Katika maandalizi yote, filta mpya hakuna aliyeileta. Bwana Pazi akanong'ona kidogo sikioni mwa Mheshimiwa, na Mheshimiwa, mtu asiyeharibu shughuli, akaifuta ile ya zamani kwa kitambaa, akairudisha mahali pake, akafunga. Kufuli zikafungwa, moja, mbili, tatu. Makofi yakapigwa, na mshereheshaji akatangaza kwamba pilau iko tayari.

Siwazuri hakupiga makofi. Alikuwa ameutazama mkono wenye glovu tangu uliposhika mfuniko mpaka ulipotoa filta, na ulikuwa umechukua muda ule ule uliouchukua mkono wa mama yake. Mshereheshaji akamwona analia, akawaambia watu kuwa mbunifu wetu amezidiwa na furaha, na akaomba kwaya irudie kiitikio.